Kupunga Upepo na Mwenzio: Juu ya Jioni Isiyohitaji Shauri Refu

Miongoni mwa starehe ambazo ndoa humpa mwanadamu bila ya gharama kubwa, ni nadra kuiona iliyo nyepesi kuelezwa na nzito kutimizwa kuliko hii ya mume na mke kuondoka nyumbani jioni moja, bila ya karamu wala mwaliko wa mtu, wakaenda kubarizi ufukweni, wakala kitu kidogo, wakazungumza yaliyo yao, na wakarudi kabla usiku haujawa mkubwa. Mwenye kulitazama jambo hili kwa mbali ataona kwamba halina sharti hata moja la kumshinda mtu, maana upepo upo, miguu ipo, na mwenzi yumo katika nyumba iyo hiyo. Lakini mwenye kuishi ndani ya nyumba zetu za leo anajua ni jioni ngapi zilizoanza kwa shauku na zikaishia kitini, bwana ameinamia simu yake na bibi amekwisha kulivua buibui lake, kwa sababu tu shauri la kutoka lilifikiriwa hata likachakaa kabla ya kutumika.

Natutazame kwa karibu jinsi jioni ya namna hii inavyoharibika. Bwana mmoja wa Mjini Unguja, tuseme, yumo kazini mwake saa tisa alasiri, na fikra inamjia ya kumtoa mkewe usiku wa leo. Mpaka hapo hapana la kulaumiwa. Fikra ni njema, na lau angalirudi nayo nyumbani kama ilivyomjia, saa moja ya usiku ingaliwakuta wote wawili Forodhani wakinywa maji ya miwa. Lakini yeye anaanza kuihoji. Forodhani walikwenda mwezi uliopita. Hoteli ile ya ufukweni ina nafasi nzuri, ila amesikia kwamba chakula chake huchelewa. Rafiki yake alimpeleka mkewe Nungwi na picha zao kila mtu ameziona. Na je, kama mkewe anataraji kitu kikubwa zaidi? Anamwandikia katika simu, "Tutoke leo?" Jibu linakuja, "Wapi?" Naye, kwa kudhani kwamba anamtukuza, anaandika, "Popote upendapo." Bibi anajibu, "Wewe tu." Tangu hapo kila mmoja anamngojea mwenziwe aamue. Bwana anafika nyumbani na mashauri matatu ambayo hata moja halijakwisha. Bibi amesuka nusu ya nywele na amesimama mbele ya kabati asijue kama ni mahali pa kanga au pa nguo iliyoshonwa kwa Idi. Mtoto mdogo amehisi kwamba kuna safari na ameanza kulia. Inaadhiniwa magharibi, kisha isha, na wali wa mchana unapashwa moto. Hapana aliyegombana na mwenziwe, wala hapana aliyevunja ahadi, kwani ahadi yenyewe haikupata kuwekwa. Na bado pamepotea kitu, maana wiki ijayo mwenye kutaka kulitaja tena neno la kutoka atakumbuka jinsi lilivyowachosha, naye atanyamaza.

Asili ya udhia huu, kwa rai yangu, ni hofu, na hofu yenyewe humwingia zaidi yule apendaye kwa dhati kuliko yule asiyejali. Bwana huyu huyu akitaka kwenda kunywa kahawa na wenziwe barazani hafanyi shauri lolote. Huvaa makubadhi yake akatoka. Pindi mkewe anapoingia katika nia hiyo, mara anamfanya mgeni wa heshima, na nafsi yake anaifanya mwenyeji atakayelaumiwa kwa kila upungufu wa kiti, wa chumvi na wa upepo. Mgeni wa heshima hukirimiwa kwa takalufu. Mwenzi huchukuliwa mkono. Na bibi naye hakusalimika, kwa kuwa anaogopa kwamba akitaja mahali patakuwa ghali, na kwamba mumewe atatahayari mbele yake kwa uchache wa kilicho mfukoni; kwa hiyo lile neno lake, "Wewe tu," ambalo bwana hulisikia kuwa ubaridi, aghalabu ni murua wa mtu anayemsitiri mwenziwe. Wawili wanaohifadhiana hivi wamo katika mahaba ya kweli, na ni huzuni kwamba mahaba hayo hayo ndiyo yanayowafungia mlango.

Uadimu wa jambo huongeza mzigo wake. Matembezi yanayofanywa mara moja kwa mwaka hutakiwa yalipe deni la mwaka mzima la uchovu, la maneno makali na la usiku uliopita kimya, na hakuna sahani ya samaki wala mwezi wa kumi na nne unaoweza kulipa deni hilo. Basi la kwanza ninalolisihi ni kwamba mtoke mara kwa mara na kwa udogo, hata ikiwa ni nusu saa ya kwenda kununua mkate wa kumimina na kurudi kwa njia ndefu, ili jioni moja ikiharibika isiwe na uzito, kwa kuwa nyingine i karibu.

La pili ndilo msingi wa maneno yangu yote. Nahodha anayetaka kusafiri na kaskazi hukalafati chombo chake, hutazama henza na tanga, hupakia maji ya kunywa na huhesabu mabaharia wake. Haya huyafanya kwa bidii na kwa wakati, na asipoyafanya ni mjinga. Ila pepo hazimo katika hesabu zake, na hakuna aliyepata kumwona nahodha mwenye akili amekaa ufukweni akizipangia zivume vipi. Vivyo hivyo, mume na mke wana mambo machache yanayozuia kutoka, nayo yanastahili tadbiri. Na wana mambo mengi yanayohusu furaha yenyewe, kama vile mtakaa wapi, mtakula nini, mtacheka kwa lipi, nayo hayastahili tadbiri hata kidogo. Kosa la yule bwana wa Mjini ni kwamba alitumia fikra zake zote kwa haya ya pili, na kwa yale ya kwanza hakufikiri lolote. Yatengenezeni yanayozuia, na myatengeneze siku za kawaida, katika saa ambayo hakuna anayengoja mlangoni, ili itakapokuja ile jioni pasiwe na swali ila kuvaa viatu.

Katika yanayozuia, watoto ndio wa kwanza. Nenda kwa mama mkwe, au kwa wifi, au kwa jirani mnayeaminiana, siku ambayo huna haja naye, umwambie kwa adabu: "Shikamoo mama. Tungependa kutoka mara moja moja jioni, mimi na mwanao, na watoto wakae nawe. Tukikuletea habari saa moja kabla, itakuwa taabu kwako?" Atakuitikia marahaba, na atakueleza kweli yake: siku gani ana darsa, siku gani miguu humuuma, na kwamba yule mdogo asiletwe bila ya kula. Mwombeni pia awe na uhuru wa kukataa bila ya kutoa sababu, maana mwenye kuweza kusema hapana ndiye ambaye ndiyo yake huweza kutegemewa. Walio mbali na jamaa zao, kwa mfano waliohamia Dar es Salaam au Muscat kwa ajili ya kazi, wanaweza kupatana na nyumba nyingine yenye watoto wa rika lao, leo hawa wakae, kesho wale. Na mapatano haya, yakidumu, huzaa udugu ulio bora kuliko hayo matembezi yenyewe.

Hapa sina budi kusema na mabwana peke yao. Mwanamume akiambiwa "tutoke sasa hivi" aghalabu yu tayari kabla sauti haijanyamaza, na kwa sababu hiyo hujiona kuwa mchangamfu, naye humwona mkewe kuwa mzito; lakini wepesi wake umekalia mabega ya mtu mwingine. Bibi huyo, ili aweze kuuvuka mlango, sharti kwanza awe amewaogesha watoto, amewapa chakula cha usiku, ameyatia maji maharage ya kesho, amezianua nguo kamba nzima kabla ya umande, amejua sare ya skuli iko wapi, kisha ndipo aanze kuutafuta mwili wake mwenyewe, auogeshe, aupambe na autie manukato. Kumwita ghafula mtu mwenye kazi hizi, bila ya kumpunguzia hata moja, ni kumwongezea kazi ya kufurahi juu ya zile alizo nazo. Atakayetaka jioni ya ghafula, basi na aifanye ghafula iwe nyepesi kwa mwenziwe: arudi saa kumi na moja, aingie uani, aanue nguo, awaogeshe watoto kwa mikono yake, awapashie uji, na aseme neno moja tu: "Mama watoto, nenda kaoge, haya mengine yaache kwangu." Nimeona nyuso zikibadilika kwa neno hilo kuliko kwa mkufu wa dhahabu. Na kama mwenye kazi ya ajira na uchovu wa mchana ni bibi, na bwana ndiye aliye nyumbani, hukumu ni ile ile na wajibu unageuka upande.

Pesa haina maelezo marefu. Wekeni kibubu, kidogo, mahali ambapo nyote wawili mnapafikia, kiwe ni cha matembezi tu. Kila mmoja atie humo chenji ya sokoni na nauli iliyobaki, wala asiulize mwenziwe ametia kiasi gani. Siku ya kutoka kivunjwe, na kilichomo ndicho kitakachochagua: kikitoa pesa za kutosha mtakula pweza na kamba, na kikitoa chache mtakula muhogo wa kukaanga. Faida kubwa ya kibubu ni kwamba humtoa mume katika hesabu ya fedheha na mke katika hesabu ya huruma, maana pesa iliyokwisha kutengwa haigombani na ada ya skuli. Tena mjue mapema dereva gani wa teksi au wa bajaji mtakayempigia simu wakati wa kurudi, kwa kuwa daladala hupungua usiku, na mtu anayewaza namna ya kurudi hajatoka bado.

Kuhusu saa, pana jambo linalofaa kujulikana. Watafiti Gabriela Tonietto na Selin Malkoc walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wao juu ya starehe zinazowekewa siku na saa maalumu, nao wakaona kwamba starehe iliyofungwa kwa saa kamili huanza kufanana na kazi, na ladha yake hupungua. Ila wale waliojipangia kwa kukadiria tu, bila ya kujifunga kwa saa, hawakupungukiwa na ladha hiyo. Sisi watu wa pwani tumejaaliwa kuwa na kadirio hilo bila ya kulitafuta. Jua letu halitangitangi. Unguja na Mombasa huchwa, mwaka mzima, takriban baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo za jioni, na baina ya magharibi na isha huwa na kitu cha saa moja na kidogo. Basi hapana haja ya kupatana kwa dakika. Semeni "baada ya magharibi", na kurudi semeni "watoto wasije wakalala kwa mama mpaka asubuhi", na baina ya mipaka hii miwili muda ni wenu. Saa ya mkononi, ikiwezekana, ibaki nyumbani. Na simu, kwa kuwa lazima mama mkwe apate kuwapigia, ikae katika mkoba wa mmoja wenu, ile nyingine ifungwe.

Sasa tuje kwenye kuchagua mahali, ambapo jioni nyingi hufia. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima, na mtaalamu wa Marekani Herbert Simon, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1956 kwamba kiumbe mwenye muda na maarifa ya kadiri hatafuti kilicho bora kuliko vyote. Hushika cha kwanza kinachomtosheleza haja yake, akaendelea na maisha. Dini imetufunza kinaa katika mali. Mimi naona inafaa pia katika matembezi. Kwa hiyo fanyeni hivi: mmoja ataje pahali pawili, na si patatu, mwenziwe achague mojawapo, na baada ya hapo pasitajwe pengine mpaka mmerudi. Jioni ya pili mgeuzane zamu. Mwenye kutaja asitaje mahali asipopataka kwa ajili ya kumpendeza mwenziwe, na mwenye kuchagua asichague kwa kuangalia uso wa mwenziwe unataka wapi. Hili la mwisho ni gumu zaidi kuliko yote niliyoyataja, hasa kwa waliooana miaka mingi na wanaojuana hata pumzi, nalo halipatikani ila kwa mazoezi. Anayeshindwa kabisa kuchagua, na akate shauri kwa upande wa upepo: kusi inapovuma kwa nguvu kaa ulipo ukuta wa kukukinga, na wakati wa joto la kaskazi nenda palipo wazi.

Tena mahali panapofaa kwa safari hizi ni pale pasipo na mlango. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya miaka 25 ya utawala wa Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Haroub, na ikafunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, ina hii fadhila kwamba haina tiketi, haina meza ya kuwekewa, wala hapana atakayekuuliza umekuja na nani. Unaingia unapotaka. Mwenye mashine ya miwa anazungusha gurudumu lake, anaupitisha muwa mara ya kwanza, kisha anaukunja na kutia ndani yake kipande cha ndimu na cha tangawizi, anaupitisha tena na tena mpaka ubaki makapi makavu, na maji yanashuka kupitia chujio yakiwa na povu la kijani. Gilasi moja huwatosha watu wawili wasiotaka kuharakisha. Hatua chache mbele pana mwenye urojo, naye hamuulizi mtu mengi: anateka ule mchuzi wa rangi ya manjano wenye ukali wa embe, anaangushia kachori na bajia, anavunjia viazi, anatia mishkaki na chatini, na juu kabisa anamwagia muhogo mkavu wa kukaanga unaolia kwa meno. Hapo ndipo patakapotokea mazungumzo ambayo hamkuyapanga, kwa kuwa pilipili itamtoa mmoja wenu machozi na mwingine atacheka.

Walio Mombasa wana Barabara ya Mama Ngina, chini ya ile mibuyu mikubwa, ambapo meli zinazoingia Kilindini hupita karibu hata taa zake huhesabika, na muhogo wa kuchoma unapasuliwa na kutiwa ndimu na pilipili ukiwa bado una moto. Wa Dar es Salaam wana Coco Beach na mihogo yake. Wasiokuwa na bahari wana barabara yenye miti, au kituo cha basi chenye muuza mahindi. Na sitaki msomaji wa bara adhani kwamba ninamwambia jambo lisilomhusu.

Ikiwa mnaona kwamba mazoea yamezidi, badilisheni kitu kimoja, kidogo, na msibadilishe vyote. Mtafiti Arthur Aron na wenziwe, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2000, waliwafunga mume na mke pamoja kwa mkono na mguu, wakawaambia watambae juu ya magodoro na kuvuka kizuizi, huku wameubana mto baina ya miili yao bila ya kuushika kwa mikono. Kazi hiyo ilikuwa ya dakika 7 tu, na waliofanya walitoka wakiwa na ridhaa ya ndoa yao zaidi ya wale waliopewa kazi ya kawaida isiyo na upya. Mambo ya kutambaa siwashauri mbele ya watu. Lakini kupita kichochoro ambacho hamjapata kukipita, au, kwa watu wa Mombasa, kupanda kivuko cha Likoni wakati msongamano wa wafanyakazi umekwisha, kwenda ng'ambo na kurudi, hali mwenda kwa miguu halipi nauli, ni upya wa kutosha kwa jioni moja.

Na kwa wale wanaodhani kwamba mambo haya ni upuuzi usiowafalia watu wenye heshima zao, wakumbuke kwamba katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Bibi Aisha anasimulia kuwa alikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakashindana mbio kwa miguu, na Bibi Aisha akamshinda; na baada ya muda, mwili wake ulipokuwa umenenepa, wakashindana tena na Mtume akamshinda, akamwambia kwamba huu ni badala ya ule. Hapakuwa na karamu katika khabari hiyo, wala nguo mpya, wala mahali maalumu. Palikuwa na watu wawili njiani na nafasi iliyotokea. Na Bukhari amepokea kwamba siku moja Wahabeshi walipokuwa wakicheza na mikuki yao msikitini, Mtume alimsimamia Bibi Aisha akitazama, naye hakuondoka mpaka mkewe mwenyewe alipotosheka. Mimi husimama sana juu ya hili la kutosheka. Waume wengi tunajua kumpeleka mtu, lakini hatujui kumngojea; mara tumekwisha kula tunaanza kutafuta funguo, na mwenzetu ndio kwanza anaanza kuuona upepo.

Mkiwa huko, msiipime jioni yenu. Swali la "Umefurahi?" likiulizwa mara moja njiani ni upole, likiulizwa mara tatu humfanya aulizwaye aanze kujichunguza, na mtu anayejichunguza kama amefurahi huwa ameiacha furaha ili kuitazama. Habari za ada ya skuli, za bati linalovuja na za shemeji aliyekopa hakuna haja ya kuzipiga marufuku, maana kitu kilichopigwa marufuku hukaa ulimini. Ila anayezianza na azimalize kwa maneno machache, kisha aache kimya kidogo kipite. Kimya baina ya mume na mke waliokaa wakitazama majahazi hakina ubaya wowote, na wanaokiogopa ndio wanaokijaza kwa madeni. Mvua ikinyesha, ingieni chini ya paa la duka lolote na mngoje. Nyama ikiisha, kuleni mkate mtupu na chai. Msirudi nyumbani kwa sababu jambo moja limekataa.

Pana jioni ambazo mwenzio atakuambia, "Leo sina nguvu, bwana." Ukubali hapo hapo, bila ya kuuliza mara ya pili na bila ya ule uso unaomlazimisha mtu kujuta. Kuna mwenye kuhisi kwamba amekataliwa yeye, ilhali kilichokataliwa ni barabara na viatu tu. Tandikeni mkeka uani au kaeni barazani kwenu, chemsheni kahawa, leteni kashata au kipande cha halua, na wanaotoka kwenye isha wapite wawaone. Hayo nayo ni matembezi, na kuna nyumba ambazo kwa sababu ya mtoto mchanga, au mgonjwa, au zamu ya usiku, hayo tu ndiyo watakayoyapata kwa miezi. Wala mwenye kukataa leo asitozwe ahadi ya kesho. Sharti moja tu nalitaka kwake: siku atakapokuwa na nguvu, aanze yeye kusema "tutoke", kwa sababu mwaliko unaotoka upande mmoja tu mwishowe humchosha mwenye kualika, hata akiwa na subira kiasi gani.

Na mnaporudi, msirudi mikono mitupu kwa yule aliyekaa na watoto. Mishkaki mitatu iliyofungwa katika karatasi ikiwa bado ina moto, pamoja na kipande cha mkate na chatini yake pembeni, mkabidhini yeye mwenyewe kabla ya kuwabeba watoto waliolala, na mmuulize kama yule mdogo alikula na kama alisumbua. Msikilizeni mpaka amalize, hata kama usingizi umewashika, maana saa zile alizokesha ndizo zilizowapa nyinyi nafasi ya kukaa wawili, na mtakapomjia tena wiki ijayo, saa moja kabla ya magharibi, itakuwa ni juu yake kusema ndiyo.